Mnakili wa Lamu katika Mtaa wa Aggrey

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi yapata mwanzoni mwa karne ya 19, na hakuwa na cha kuilinda ila karatasi, wino na watu. Karatasi haina maisha marefu pwani. Unyevu huilegeza, wadudu huitoboa, na mchwa akiingia sandukuni hachagui kitabu cha dini wala barua ya deni. Utenzi ule umetufikia kwa sababu kila kizazi kilimpata mtu wa kukaa kitako na kuuandika upya ubeti kwa ubeti, kisha nakala yake ikaenda nyumba nyingine, mji mwingine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ndiye anayejulikana zaidi kati ya watu hao. Alikuwa mshairi, mchongaji na mwenye hati iliyosifika, na aliwanakilia tenzi wataalamu wa kigeni kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kazi za mkono wake ziko leo London na Ujerumani, na wanaosoma Kiswahili cha kale hawawezi kumkwepa.

Namleta Kijuma Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu naamini anatufundisha mengi zaidi kuhusu picha zilizomo ndani ya simu zetu kuliko wanavyotufundisha wapiga picha wakubwa wa mji huu. Sisi wa Dar es Salaam tunatunza picha za kidijitali kwa desturi tuliyoirithi studio: kitu kimoja, kasha moja, kabati moja lenye kufuli. Desturi hiyo ilifaa negativu. Picha ya simu ni ya ukoo mwingine. Huishi kama ulivyoishi muswada wa Lamu, kwa kunakiliwa na mtu anayejua anachonakili, na ikikosa mtu huyo hupotea hata kama kifaa kilichoibeba kimefungiwa salama.

Tuanze na studio, maana heshima yake ni ya haki. Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi katika studio ya Gomes, alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Ukitazama namna studio za aina hiyo zilivyofanya kazi, pande zote mbili za bahari, utaona mpango uliokamilika. Mteja alikuja na nguo zake za sikukuu, akapigwa, akarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha iliyosafishwa. Negativu ilibaki studio. Iliwekwa katika bahasha yenye namba, bahasha ikaingia katika boksi, boksi likapanda rafu. Picha ya mteja ikiliwa na mende au ikichanwa na mtoto, mama alirudi dukani, namba ikatafutwa, picha nyingine ikasafishwa. Familia ilikuwa na picha. Studio ilikuwa na chanzo chake. Bila mkataba wowote, mwenye studio alikuwa mtunza kumbukumbu wa mtaa mzima.

Uzuri wa negativu ni kwamba inavumilia kusahauliwa. Iache mahali pakavu, ifunge isiguswe na mwanga, na baada ya miaka 50 mtu yeyote mwenye macho ataiinua dirishani aone sura. Haihitaji umeme, programu wala neno la siri. Ubaya wake ni kwamba iko moja. Na Dar es Salaam ni mji mgumu kwayo, kwa kuwa filamu za asetati huoza kwa joto na unyevu, zikatoa harufu kali ya siki, zikajikunja na kupasuka, na uozo huo ukishaanza hauna dawa ila kuupunguzia kasi kwa baridi. Studio nyingi zilifungwa wenyewe walipozeeka au walipohama nchi, na kasha la negativu halikuwa na mrithi.

Mfano wa kasha lililopata mrithi ni wa mpiga picha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapa hapa akaanzisha Camerapix mwaka 1963, kijana wa miaka 20. Mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar akipiga picha za Mapinduzi. Baadaye alihamia Nairobi, na alipofariki katika ajali ya ndege ya Ethiopia karibu na Komoro, Novemba 1996, aliacha nyuma yake mlima wa filamu na kanda. Mwanawe, Salim Amin, aliubeba mzigo huo, na sehemu ya picha hizo imeshageuzwa kuwa ya kidijitali na kuwekwa wazi kwa umma. Angalia kilichookoa urithi ule. Filamu zilikuwa nzuri, ni kweli, lakini zingeishia kwenye dampo kama nyingine lau asingekuwapo mtu mmoja aliyeamua kwamba kazi yake ya maisha ni kuzihamisha kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

Wapo waliojaribu kulifanya kasha lenyewe lisihitaji mtu. Huko Svalbard, kaskazini mwa Norway, mgodi wa zamani wa makaa ya mawe umegeuzwa tangu mwaka 2017 kuwa ghala la kumbukumbu za dunia. Data inachapwa juu ya filamu na kufungiwa ndani ya mlima wenye baridi ya kudumu. Ni desturi ile ile ya studio ikiwa imefikishwa mwisho wa uwezo wake, na inawezekana pale kwa kuwa kuna barafu na kuna taasisi zinazolipa. Kariakoo haina kimoja wala kingine.

Kuna tawi jingine la desturi ya studio ambalo Waswahili wanalifahamu kwa uchungu. Wakati wa Wajerumani, C. Vincenti na Walther Dobbertin walipiga na kuuza picha nyingi za Dar es Salaam na bara lake. Nyingi zilichapwa kama kadi za posta, kwa maelfu, zikasafiri na meli. Leo picha za Dobbertin ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, ambayo Desemba 2008 iliziachia Wikimedia Commons picha karibu 100,000, na picha za koloni hili zimo. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kinahifadhi mkusanyiko wa Humphrey Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia yapata mwaka 1860 hadi 1960. Kijana wa Gerezani mwenye bando anaweza kuiona bandari ya babu wa babu yake akiwa ndani ya basi la mwendokasi.

Nazishukuru hifadhi hizo. Hata hivyo, fungua picha 20 uzisome maelezo yake. Utakuta mwanamke Mswahili, askari, wapagazi, mtaa wa wenyeji. Aliyepiga picha alijua jina la kabila au la kazi, jina la mtu hakulijua au hakulijali. Kadi ilinusurika kwa wingi wa nakala zake, lakini yule aliyesimama mbele ya kamera alishapotea siku ile ile aliyopigwa. Upande wa pili iko albamu ya familia ya Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, ambayo bibi anamtaja kila mtu na nyumba aliyopanga, nayo iko moja tu, juu ya kabati, chini ya bati la moto.

Hapo ndipo wanakili wa kale wanapopita mbele ya wote. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikuwa midomoni mwa watu wakati Mwingereza William Taylor alipofika huko miongo kadhaa baadaye. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyemsaidia kuyakusanya. Sikujua hakuishia kuandika beti. Aliandika na kisa: shairi hili alitungiwa nani, lile lilijibu neno gani. Hichens alipoyachapa mwaka 1940, beti nyingi zingekuwa mafumbo matupu bila maelezo hayo. Na ukifungua miswada ya pwani, mara nyingi utakuta mwishoni maneno machache ya mwandishi: nimeandika mimi fulani bin fulani, nimemwandikia fulani, tarehe fulani. Mnakili alijua kwamba maandishi yasiyo na mwenyewe ni yatima.

Sasa twende mitaa ya Aggrey na Likoma, kwenye simu.

Mtu ananunua flashi au memori kadi, anahamishia picha zote za harusi, za mahafali na za marehemu baba, anaifunga katika kitambaa na kuiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Anaamini amefanya kilichofanywa na studio. Lakini flashi hutunza picha kama chembe za umeme zilizonaswa ndani ya vyumba vidogo sana, na chembe hizo huvuja polepole, kwa kasi zaidi panapokuwa na joto. Viwango vya kimataifa vya JEDEC vinataka diski ya SSD ya matumizi ya kawaida, hata ikiwa imechakaa hadi kikomo chake, iweze kushika data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30. Mpya hushika muda mrefu zaidi, lakini nani anajua flashi yake imechakaa kiasi gani? Na kabati la ghorofa ya juu Kariakoo mwezi Februari halingoji nyuzi 30. Diski ya kuzunguka nayo ina sindano na mota. Ikidondoka mara moja kutoka mezani inaweza kunyamaza kabisa. Negativu iliyooza nusu bado huonyesha nusu ya uso. Faili likiharibika baiti chache mahali pabaya halifunguki.

Halafu kuna feki. Zinauzwa flashi zilizoandikwa GB 512 ambazo ndani yake mna GB 8 au 16. Kompyuta inadanganywa ione nafasi ambayo haipo. Unanakili, inakubali, majina ya mafaili yanaonekana yote, lakini picha zilizozidi hazimo, au zimefunika zilizotangulia. Mwenye nayo hugundua siku anayoihitaji. Dawa yake haina gharama: programu ya H2testw, au F3, huijaza flashi yote na kuisoma tena kabla hujaiaminia kitu. Muuzaji mwaminifu hakatai ukimwomba ajaribu mbele yako. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Na hata chombo kikiwa oji, kipo katika jengo. Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo, lile lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa likaporomoka katikati ya biashara na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya misiba hiyo kuzungumzia picha kunaonekana jambo dogo, na najua hivyo. Lakini waliofiwa ndio wanaozitafuta picha kwanza, na asiyejua hilo hajakaa matanga.

Njia ya pili ya Kariakoo ni kurusha. Hii inakaribia desturi ya Lamu, kwa sababu picha ya harusi ikirushwa katika kundi la ukoo inakuwa mara moja Tanga, Muscat na Toronto. Ni nakala nyingi, katika nyumba nyingi, kwa wepesi ambao Kijuma asingeuota. Kasoro ni mbili, na zote zinatoka kwenye namna WhatsApp inavyotuma. Inaipunguza picha ukubwa na ubora ili isile bando. Na inafuta maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, yale yanayosema picha ilipigwa lini, wapi na kwa kifaa gani. Yaani inanakili beti na kukata yale maneno ya mwisho ya mwandishi. Picha ile ile ikitumwa kama dokumenti hufika nzima, na tarehe yake ndani. Ni kubonyeza mahali tofauti tu, na natamani kila kundi la ukoo lingelijua hili kabla ya harusi ijayo.

Lililobadilika zaidi, na ambalo halikutangazwa, ni nani mtunzaji. Mpiga picha wa harusi wa leo anakukabidhi flashi na mara nyingi baada ya miezi kadhaa anafuta kadi zake apate nafasi ya kazi nyingine. Simlaumu, picha 2,000 za harusi moja, kila moja MB 5, ni GB 10, na ana harusi kila wikendi. Lakini familia inaendelea kuishi kana kwamba iko studio mahali fulani yenye bahasha na namba. Haipo. Kazi ile imerudi nyumbani, na nyumbani hakuna aliyeambiwa.

Wataalamu wa dunia wamefika pale pale alipokuwa mnakili kwa njia ndefu. Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mwaka 1999 mradi wa LOCKSS, ambapo maktaba mbalimbali zinatunza nakala za majarida yale yale, zinalinganisha nakala hizo zenyewe kwa zenyewe, na iliyoharibika inarekebishwa kutoka kwenye zilizo nzima. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ameeneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwa familia ya Kariakoo hii haina ugumu: diski moja nyumbani, nakala moja mtandaoni, diski ya pili kwa shangazi Morogoro. Kinachosahaulika ni marudio. Diski ifunguliwe kila mwaka, picha zitazamwe, na kila baada ya miaka mitano hivi zihamishiwe chombo kipya kabla cha zamani hakijafa. Chagueni siku ambayo ukoo hukutana, Iddi au Krismasi, iwe ndiyo siku ya kunakili. Wanaotaka uhakika zaidi watumie programu ya kukokotoa alama ya kila faili, mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika kabisa faili likiguswa hata kidogo. Alama ya mwaka huu ikilingana na ya mwaka jana, picha ni ile ile. Mnakili wa Lamu hakuwa na kipimo hicho, ndiyo maana nakala za Al-Inkishafi zinatofautiana maneno na hata beti.

Nakala ya mtandaoni nayo isichukuliwe kuwa mlima wa Svalbard. Google iliacha kutunza picha bure bila kikomo Juni 1, 2021. Bure ni GB 15, zikijumlishwa na barua pepe. Tangu Desemba 2023 inaweza pia kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Mtu akifariki, miaka miwili ni kitambo kifupi sana. Eda inaisha, mirathi inaanza kujadiliwa, simu yake iko kwenye droo imekwisha chaji, na hakuna anayejua neno la siri. Fundi ataweza kuiflashi, naam, lakini simu nyingi za kisasa zikiflashiwa hivyo hurudi tupu. Wasia unaotaja shamba na nyumba utaje na hili.

Liko pingamizi moja zito dhidi ya yote niliyoyasema, nalo ni sitara. Kunakili ni kueneza. Familia za pwani zina sherehe za wanawake peke yao, singo na usiku wa hina, na picha za humo haziwahusu wanaume wa mtaani wala marafiki wa shemeji. Lamu na Mombasa zimeshawahi kuwa na fadhaa kubwa kwa picha na video za namna hiyo kutoka nje ya nyumba. Negativu iliyofungiwa ilikuwa na fadhila ya kufichika, ingawa hata hapo aliyeisafisha aliiona. Mama anayekataa picha za bintiye ziwekwe mtandaoni hana ushamba wowote. Analinda kitu cha kweli.

Sioni kwamba sitara na nakala ni maadui. Wanakili wenyewe walikuwa na mipaka: zipo kazi zilizosomwa hadharani msikitini, na ziko kama utenzi wa Mwana Kupona, ambao mama alimtungia binti yake. Kinachohitajika ni kuamua mapema. Picha za wanawake ziwe katika diski yao, iliyofungwa kwa neno la siri, nakala moja kwa mama na ya pili kwa somo au dada mkubwa, wala zisipande mtandaoni. Za ukumbini zirushwe. Kutenganisha huko kunachukua jioni moja, na ni bora kufanywe na wanawake wenyewe kuliko na kijana wa dukani.

Nakala pia inataka kuchagua. Hakuna aliyeweza kunakili kila kilichoandikwa kisiwani Pate, na hakuna mjukuu atakayetazama picha 2,000 za harusi moja. Chagua 50. Zipe mafaili majina yanayosomeka, mwaka kwanza, kisha mahali, kisha watu. Na hizo 50 zisafishwe kwenye karatasi, nyuma yake yaandikwe majina kwa penseli laini, kwa sababu karatasi yenye majina bado inashinda vifaa vyote hivi kwa jambo moja: haimuulizi mtu neno la siri.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, inatunza miswada na kanda za Kiswahili zilizokusanywa na J.W.T. Allen, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Ilihitaji mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba kuomba kitabu kilichokuwa sandukuni, kukinakili na kumrudishia mwenyewe. Kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa Kariakoo kwa picha, na vifaa tayari vipo. Steshenari za Uhuru na Msimbazi zina skana, kompyuta, printa na vijana wanaojua kuzitumia. Wanatoa kopi za vyeti kutwa nzima. Mmoja wao akiamua kuandika mlangoni kwamba ananakili picha za familia, anaskani albamu ya bibi mbele ya bibi mwenyewe, anaandika majina kama yanavyotajwa, anaijaribu flashi kabla ya kuitumia, anakabidhi nakala mbili na karatasi ya orodha, na anafuta kilichobaki kwenye mashine yake mteja akiona, atapata wateja. Bei ipangwe kwa kila picha yenye majina, ili kijana awe na sababu ya kuuliza: na huyu aliyeshika mwamvuli, ni nani?